Tukusanye maneno ya mafundi wa picha kabla ya kubuni mapya

Mwezi Juni mwaka 2024 nilialikwa na mlezi wa chama cha wapiga picha katika shule moja ya upili ya wasichana huku Pwani, niende nikazungumze na wanachama kuhusu istilahi za Kiswahili za taaluma hiyo. Mwaliko huo ulinifurahisha kwa sababu mbili. Kwanza, mimi mwenyewe nimekuwa mpiga picha wa kujifurahisha tangu nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Pili, kazi yangu ya kila siku ni isimu, na mwanaisimu anapoombwa istilahi huwa kama seremala aliyeombwa kiti: huona fahari kuonyesha kwamba mbao anazo na randa anayo.

Nilikesha usiku wa siku mbili nikaunda orodha ya maneno 60. Tundu la lenzi linalopitisha mwanga nililiita kipenyezanuru. Kile kipazia kinachofunguka na kufunga nilikipa jina la kifunganuru. Kiasi cha mwanga kinachoifikia filamu nilikiita mfichuo. Nilizifuata kanuni zote tunazowafundisha wanafunzi wetu: uambishaji, uambatanishaji, ufupi, na ulinganifu wa maneno ya jamii moja. Orodha ikapigwa chapa, nakala zikatolewa, nami nikaingia nayo darasani kwa furaha ya mtu aliyebeba zawadi.

Chama hicho kilikuwa na wanachama 23 na kamera mbili. Kila mwanachama alikuwa ametundika picha moja kwenye kamba iliyofungwa ukutani, zikashikiliwa kwa vibanio vya nguo. Picha iliyonivutia zaidi ilikuwa ya mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili. Alikuwa amempiga mpishi wa shule akiwa amesimama mlangoni pa jiko, mwiko begani kama bunduki ya askari, moshi ukimzunguka. Kasoro yake ilikuwa moja tu: uso wa mpishi ulikuwa umezama gizani, ilhali ua lililoonekana nyuma yake liling'aa kama bati jipya.

Nilimwomba mwanafunzi huyo atueleze kilichotokea. Akasimama, akaanza kusema: "Jua la nje limemla mpishi..." Nikamkatiza. Nikamwambia, kwa sauti ambayo nikiikumbuka leo naona haya, kwamba jua halili mtu, na kwamba alipaswa kusema picha imepungukiwa na mfichuo kutokana na ufinyu wa kipenyezanuru. Akaketi. Kwa muda wote uliosalia hakutamka neno, na wenzake pia walinyamaza, wakawa wananakili orodha yangu kana kwamba watatahiniwa juu yake. Siku tatu baadaye mlezi wa chama alinipigia simu kunijulisha kwamba msichana yule ameomba kuhamia chama cha kilimo.

Nimeamua kukianika kisa hiki gazetini kwa sababu naamini kosa langu si langu peke yangu. Ni kosa linalotendwa na wengi wetu tunaojiita wataalamu wa lugha.

Wiki moja baada ya ziara yangu, mlezi yuleyule alimwalika mzee mmoja aliyeendesha studio ya picha mjini Mombasa kwa zaidi ya miaka thelathini. Nami nikarudi, safari hii nikakaa kwenye dawati la nyuma. Wanafunzi waliinuka wakamwamkia, "Shikamoo babu," naye akawaitikia, "Marahaba, wajukuu zangu." Hakuandika chochote ubaoni. Aliinua kamera juu, akasema: "Hiki ni kichwa kisicho na mwili. Kina jicho, kina mboni, kina kope. Kilichokosa ni akili. Akili utaitia wewe."

Kisha akauliza: mtu akitoka gizani akaingia juani hufanya nini? Wakajibu kwa pamoja kwamba hufinya macho. Na akiingia chumba chenye giza? Huyakodoa. "Basi na kamera vivyo hivyo," akasema mzee. "Mboni yake hufinywa na hukodolewa. Na kope zake hufumbuliwa kwa muda mfupi au mrefu, upendavyo wewe." Akaendelea kueleza kwamba filamu nazo zina matumbo tofauti. Filamu ya 100 haishibi upesi, hutaka mwanga mwingi. Ya 400 hushiba kwa mwanga kidogo, robo tu ya ule unaotakiwa na ya 100, ila mara nyingi hukulipa kwa kukutilia chenga pichani. Kamera za kisasa zisizotumia filamu, alisema, zimerithi hesabu hiyohiyo.

Mwishowe aliitazama ile picha ya jikoni akauliza ni ya nani. Msichana wetu, ambaye alikuwa bado hajahama, akasimama. "Ni yangu, babu." Mzee akamuuliza ilikuwaje. Akajibu: "Kamera iliona jua lililokuwa nyuma ya mpishi, ikafinya jicho. Ndiyo maana mpishi amebaki gizani." Na angefanyaje? "Ningeilazimisha ikodoe kidogo. Au ningemwomba mpishi asogee hatua mbili kwenye mwanga." Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Wapenzi wasomaji, maelezo hayo yalikuwa sahihi kabisa. Hayakupungua hata chembe kisayansi yakilinganishwa na sentensi yangu ya mfichuo na kipenyezanuru. Tofauti ni kwamba sentensi yangu ilimfunga kinywa, nayo lugha ya mzee ilimfungua. Aliweza kufikiri kwa kutumia lugha hiyo, akatambua chanzo cha kosa, akapendekeza tiba mbili. Hayo ndiyo tunayoyaita elimu.

Kuna watu watakaosema kwamba mboni, kope na tumbo ni mafumbo ya watoto, si istilahi. Dai hilo halina mashiko. Istilahi za sayansi katika lugha zote za dunia zimejaa sitiari zilizozoeleka hadi zikasahaulika kwamba ni sitiari. Neno kamera lenyewe linatokana na Kilatini, na maana yake ni chumba. Neno lenzi asili yake ni jina la dengu kwa Kilatini, kwa sababu kioo hicho kilifanana na punje ya dengu. Iwapo Wazungu waliruhusiwa kupeleka dengu maabarani, kwa nini sisi tuionee haya mboni ya jicho? Isitoshe, Kiswahili kilikwisha kuwa na kipimo cha kope za kamera kabla ya kamera kuletwa: tunaposema jambo limetendeka kwa kufumba na kufumbua, tunataja hasa kile kinachofanywa na kamera kila tunapobonyeza kidude chake.

Hebu tuchukue mfano unaowasumbua wanachama wengi wapya. Tarakimu za mboni ya kamera huandikwa 2, 2.8, 4, 5.6, 8, 11, 16 na kuendelea. Mwanafunzi huambiwa kwamba 16 ni tundu dogo na 2 ni tundu kubwa, akashangaa, akakariri bila kuelewa. Tatizo hapa ni la lugha. Tarakimu hizo ni sehemu. Tukisoma "sehemu moja ya kumi na sita" badala ya "kumi na sita", mashaka yanaondoka papo hapo, kwani hakuna mtoto anayedhani kwamba sehemu moja ya kumi na sita ya chungwa ni kubwa kuliko nusu yake. Na kinachogawanywa ni urefu wa fokasi wa lenzi. Kwa lenzi ya milimita 50, mboni ya nusu ina kipenyo cha milimita 25, na mboni ya sehemu moja ya kumi na sita ina kipenyo cha milimita 3 hivi. Kila unapopanda ngazi moja, kutoka 4 hadi 5.6 au kutoka 8 hadi 11, mwanga unaoingia hupungua kwa nusu. Kope nazo zina ngazi zake: sehemu moja ya 60 ya sekunde, ya 125, ya 250, ya 500. Ukifinya mboni ngazi moja na kuziacha kope wazi kwa muda maradufu, mwanga unabaki uleule. Ni mizani ya sokoni, ambapo ukitoa huku huna budi kuongeza kule.

Wapiga picha wa zamani, waliokuwa hawana vifaa vya kupimia mwanga, walikuwa na kanuni ambayo kila mwanachama anafaa kuihifadhi: katika jua kali lisilo na wingu, weka mboni kwenye 16, kisha kope zifuate tarakimu ya filamu. Kwa filamu ya 100, kope ziwe sehemu moja ya 100 au 125 ya sekunde. Kanuni hiyo haihitaji betri wala mtandao.

Pingamizi la pili, ambalo lina uzito zaidi, ni kwamba vitabu vya upigaji picha na menyu za kamera ni za Kiingereza, na fizikia ya lenzi hufundishwa kwa Kiingereza katika shule zetu. Kwa hivyo, huulizwa, mwanafunzi atafaidika nini na mboni za Kiswahili? Jawabu langu ni kwamba sikusudii kumnyima Kiingereza. Ninachokusudia ni aingie katika Kiingereza akiwa tayari anajua anachokitafuta. Aliyekwisha kuelewa kwa nini kamera hufinya jicho atalijifunza jina lake la Kiingereza kwa dakika moja. Aliyeanza na jina pasipo kuelewa anaweza kulibeba miaka minne kama mzigo uliofungwa asiojua ndani yake mna nini. Vilevile sisemi kwamba kila neno la fundi lazima likubaliwe, wala kwamba maneno kama kamera, lenzi na filamu yafukuzwe. Hayo yamekwisha kupewa uraia. Ninachosisitiza ni utaratibu: tukusanye kwanza, tubuni baadaye, na tubuni tu pale ambapo pana pengo la kweli.

Hapo ndipo ninapowageukia walimu walezi wa vyama hivi, ambao kilio chao kikuu ni ukosefu wa vifaa vya kujifunzia. Ninakielewa kilio hicho. Hata hivyo, viko vifaa vinne ambavyo havihitaji fedha nyingi.

Cha kwanza ni darasa lenyewe. Chagueni chumba kinachotazama ua lenye jua, zibeni madirisha yote kwa makaratasi ya katoni mpaka giza litande, kisha toboeni tundu moja lenye upana wa sarafu ndogo. Subirini dakika chache macho yazoee. Mtaiona minazi, mlingoti wa bendera na watu wanaopita, vyote vikiwa juu chini kwenye ukuta wa pili. Mtakuwa mmekaa ndani ya kamera. Jambo hili lilichunguzwa kwa makini katika karne ya 11 na mwanazuoni Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri, miaka mia nane hivi kabla ya uvumbuzi wa picha kutangazwa rasmi Ufaransa na Uingereza mwaka 1839. Somo hilo moja linafundisha zaidi ya kurasa 50 za kitabu.

Cha pili ni daftari. Kila picha iandikiwe saa, hali ya mwanga, mboni, kope, na sentensi moja juu ya kile mpiga picha alichotaka kukionyesha. Kamera za leo huhifadhi zenyewe tarakimu hizo, lakini haziwezi kuhifadhi nia ya mpigaji.

Cha tatu ni kikao cha kuzijadili picha. Ninapendekeza maswali matatu kwa kila picha: Jicho langu linakwenda wapi kwanza? Ni kitu gani kinachoweza kuondolewa bila picha kupungua? Mwanga unatoka upande gani, na unamtendea nini anayepigwa? Mwenye picha aseme mwisho, na asikatizwe, hata na mgeni mwenye shahada ya uzamifu.

Cha nne ni kazi za waliotutangulia. Inasikitisha kwamba mwanafunzi wetu anaweza kuwataja wapiga picha wa Marekani ilhali hajasikia habari za Priya Ramrakha, kijana wa Nairobi aliyezaliwa mwaka 1935 na kuuawa mwaka 1968 akiwa kazini katika vita vya Biafra. Wala hajui kwamba Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia ziliugutusha ulimwengu mwaka 1984, alizaliwa Nairobi na kulelewa Dar es Salaam, na kwamba alipopoteza mkono Addis Ababa mwaka 1991 alirudi kazini akiwa na mkono wa bandia, mpaka alipofariki mwaka 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na Komoro. Tukija kwenye studio, palikuwa na Parekh mjini Mombasa, na Bakor kisiwani Lamu, aliyekuwa akikata picha kwa mkono na kuziunganisha upya muda mrefu kabla ya kompyuta kuifanya kazi hiyo iwe mchezo wa kila mtu.

Kuna somo moja ambalo vitabu vingi kutoka nje havilitilii mkazo, nalo linatuhusu sana. Kipimamwanga kilichomo ndani ya kamera hakijui kinatazama nini. Hukisia kwamba dunia nzima ina wangavu wa wastani, kama rangi ya jivu. Ukimpiga mwanafunzi mwenye ngozi nyeusi aliyesimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa, kamera hudhani mwanga umezidi, ikafinya jicho, uso ukazama. Kinyume chake, uso mweusi ukijaa pichani, kamera hudhani kuna giza, ikakodoa kupita kiasi, uso ukapauka na shati jeupe la sare likaungua. Kwa hivyo mwanachama ajifunze kuisahihisha: mbele ya ukuta mweupe aongeze ngazi moja au mbili, na uso mweusi unapojaa apunguze kidogo. Au amhamishie mtu wake kwenye kivuli cha mwembe, asubuhi au alasiri, ambako mwanga ni mpole. Si siri tena kwamba kwa miaka mingi viwanda vya filamu za rangi vilisahihisha rangi zao kwa kutumia picha za wanawake Wazungu, na nyuso zetu ndizo zilizoumia. Dosari hiyo haikuwa ya nyuso bali ya kipimo.

La mwisho ni adabu. Mswahili haingii nyumba ya mtu bila kubisha hodi, na uso wa mtu ni nyumba yake. Mwanachama aombe ruhusa, na akikataliwa akubali kama anavyokubali mgeni aliyejibiwa kwamba mwenyewe hayupo. Tena siku hizi si adabu tu, ni sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kushughulikia data ya mtoto, na picha ni data. Mwaka 2023 shule moja nchini ilitozwa faini ya zaidi ya shilingi milioni nne kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Walezi wa vyama wasingoje kufundishwa jambo hili na mahakama.

Nimebakisha sababu ya kuliandika haya sasa wala si mwakani. Maneno ya ufundi huishi pamoja na kazi yake. Kampuni ya Kodak, ambayo masanduku yake ya manjano yalijaa katika kila studio, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Januari mwaka 2012, na kufikia wakati huo studio nyingi za mitaani zilikuwa zimeanza kufunga milango. Wale waliosema kuosha filamu, picha kuungua, kuweka pozi na chumba cha giza sasa ni wazee. Wakiondoka kabla hatujawasikiliza, tutabaki na orodha kama ile yangu, safi kama kaburi lililopakwa chokaa.

Nawaomba basi walimu na wanafunzi: muhula huu mtafuteni mpiga picha mmoja mkongwe katika mji wenu. Mwalikeni, mwamkieni, mpeni kiti na chai, kisha mwandike anayoyasema kwa maneno yaleyale anayoyatumia, bila ya kumsahihisha. Nakala moja ya daftari hilo itunzwe katika maktaba ya shule.

Kwa upande wangu, orodha ile ya maneno 60 nimeipunguza hadi 14. Msichana wa kidato cha pili hakuhamia chama cha kilimo. Alirudi jikoni na kamera, akamwomba mpishi hatua mbili, na mpishi akampa. Picha hiyo ya pili ninayo ofisini kwangu, juu ya meza ninakosahihishia kazi za wanafunzi. Uso wa mpishi unaonekana wote, hata jasho.